Mgawaji Aliposimama

Walikuwa wamemnunulia keki. Haikuwa kubwa, lakini katika ofisi ya Mamlaka ya Maji ya Bonde la Mruru hakuna fundi aliyewahi kununuliwa hata andazi, na Mkawasi alisimama mbele ya keki hiyo asijue aiweke wapi mikono yake. Mkurugenzi Dzombo alikuwa akieleza kwa mara ya pili jinsi kiangazi kilivyofika katikati bila Mgawaji kuanguka.

"Mwaka jana simu zilikuwa hazikomi kulia," alisema. "Mgawaji ameanguka, malango yamefunga, watu wako barabarani wanachoma matairi. Mwaka huu nani amesikia simu? Mimi sijasikia."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mkawasi naye akacheka. Nyuma ya mkurugenzi, ubao wa kioo ulichukua nusu ya ukuta, na juu yake kulikuwa na taa ya kijani na maneno mawili: MGAWAJI HAI.

Kila mtu bondeni alimjua Mgawaji, hata asiyejua ni kitu gani. Mito ilipokwisha na miji saba ikabaki na bwawa moja kule juu milimani, hakuna mji uliokubali mji mwingine ushike ufunguo. Ndipo ikaandikwa programu ya kuushika. Haikuwa na sura wala sauti. Ilikuwa mojawapo ya zile programu zinazofanya kazi chinichini ndani ya seva, ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka zikome. Mgawaji alisoma kina cha bwawa, akahesabu watu na mifugo na mashamba, akafungua malango ya mabomba moja baada ya jingine, kuanzia Kishau, mji ulio karibu na bwawa, hadi Mlughi, mwisho wa bonde. Waliomwandika walikuwa wamekufa au wamehama. Wakati wa mvua hakuwa na tatizo. Kiangazi kikikaza, alianza kuanguka, na watu wa ofisi wakawa wanamwasha kwa mkono.

Hapo ndipo Mkawasi alipoajiriwa. Hakumgusa Mgawaji mwenyewe, maana sheria ya miji yote saba ilikataza. Alimwandikia mlinzi, programu fupi isiyojaza hata kurasa mbili, akaiita Mlezi. Kazi ya Mlezi ilikuwa moja tu: kila baada ya sekunde chache amchungulie Mgawaji. Akimkuta anaendelea na kazi, amwache. Akimkuta amekoma, amwamshe. Mwanzoni Mlezi alikuwa akimpigia Mkawasi simu kila alipomwamsha Mgawaji, na simu zikawa nyingi hata akashindwa kumaliza chakula. Akambadilisha Mlezi. Aamshe tu, asiseme.

Kisu kilikuwa kimeshaingia kwenye keki mlango ulipofunguliwa. Aliingia mwanamke wa makamo, kofia ya pikipiki mkononi, sare nyeupe ya uuguzi ikionekana chini ya koti lililojaa vumbi.

"Samahanini kwa kuingilia sherehe," alisema. "Naitwa Saru, muuguzi wa zahanati ya Mlughi. Nimetumwa nimwone mtu wa malango."

Kicheko kilipungua. Dzombo akaweka kisu chini. "Sista, pole kwa safari. Habari ya Mlughi tunayo. Bomba lenu limepasuka, na mafundi tulishawatuma."

"Walikuja, mkurugenzi. Walichimba, wakakuta bomba ni zima, wakafukia, wakaondoka." Hakupandisha sauti. "Wiki hii nimezalisha wanawake wawili. Mikono nimenawa kwa spiriti. Wa pili nimemwacha na homa."

Saru akageuza kofia yake mikononi kama anayetafuta upande wake wa mbele. "Na lile bomba linapumua," akaongeza.

"Linapumua vipi?" Mkawasi aliuliza.

"Ukiweka sikio unasikia linavuta hewa. Halafu kimya. Halafu linavuta tena. Kutwa kucha."

Mkawasi alijua sauti hiyo hata bila kuisikia. Mgawaji alipoamshwa, jambo la kwanza alilofanya ni kufunga malango yote saba ili aanze upya, na malango yakifunga kwa pamoja, bomba tupu huvuta hewa. Hilo lilipaswa kutokea pale tu Mgawaji anapoanguka. Si kutwa kucha.

Aliacha keki, akaenda chumba cha seva.

*

Chumba kilikuwa cha baridi na chenye mvumo usiokatika. Mkawasi hakuketi. Akiwa amesimama, alifungua maagizo ya Mlezi, akafuta ule mstari aliomnyamazishia, akaweka simu yake mezani.

Simu ilitetemeka. Kabla hajaizima ikatetemeka tena. Baada ya kitambo kidogo ikatetemeka mara ya tatu, ikajisogeza yenyewe kuelekea ukingo wa meza. Akaidaka, ikatetemekea mkononi mwake.

Akafungua picha ya malango kwenye skrini. Kishau likafunguka, mshale wa kipimo chake ukapanda. La pili likafunguka. La tatu, la nne, la tano. La sita likaanza kufunguka, na hapo Mgawaji akakoma. Malango yote yakafunga. Mlezi akamwamsha. Kishau likafunguka. La pili. La tatu. Alitazama mzunguko huo ukijirudia hadi macho yakaanza kumwasha, na kila mara ulikatikia palepale. Mshale wa lango la saba haukusogea hata mara moja.

Na juu ya ubao wa ofisi taa ilikuwa ya kijani muda wote. Haikuwa imedanganya. Kila ilipoulizwa kama Mgawaji yu hai, alikuwa hai.

Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipoajiriwa. Akamsimamisha Mlezi ili aone Mgawaji akikoma bila kuamshwa.

Malango yalifunguka moja baada ya jingine hadi la sita. Mgawaji akakoma. Safari hii skrini haikufutwa na mwanzo mpya, na kwenye sehemu ambayo kwa kawaida hakuna anayewahi kusoma, maneno yakabaki:

MAJI HAYATOSHI MIJI SABA. SIKUPEWA MAMLAKA YA KUCHAGUA ATAKAYEKOSA. NIMESIMAMA. KAENI BARAZA MGAWANE WENYEWE.

Chini yake kulikuwa na sifuri.

Programu yoyote inapokoma huacha nyuma yake namba, na fundi wa mwaka wa kwanza anaijua maana yake. Namba yoyote nyingine ni ajali: imeanguka, imekwama, imeishiwa nafasi. Sifuri ni kumaliza kwa amani. Programu imefika mahali ilipoambiwa ikome, ikakoma. Mgawaji hakuwa amewahi kuanguka. Alikuwa akisimama kwa hiari yake, kama alivyofundishwa, na Mkawasi alikuwa amemwekea mtu wa kumsukuma aendelee. Hakumfundisha Mlezi kuuliza namba. Haikumjia akilini kwamba kuna kitu cha kuuliza.

Kisha akaona mshale wa lango la saba. Ulikuwa umepanda, kidogo sana. Mgawaji aliposimama ipasavyo, malango yote saba yaliachia uzi mwembamba wa maji ya kunywa. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya zamani. Mlughi walikuwa wanapata maji, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze, kwa sababu Mkawasi alikuwa ameuondoa mkono wake.

Simu za ofisi zilianza kulia ukumbini. Moja, mbili, zote. Kishau walikuwa wanauliza kwa nini maji yamekatika mashambani. Mkawasi alisikia hatua za mkurugenzi koridoni, na kabla hajafikiri akamwasha Mlezi.

Mshale wa saba ukashuka.

*

Dzombo alifunga mlango wa ofisi yake na kumwonyesha kiti. Mkawasi hakuketi. Saru alikuwa ameshakaa kando ya dirisha, glasi ya maji mbele yake. Hakuwa ameigusa.

Mkawasi alieleza alichokiona. Alieleza haraka mno, akarudi nyuma, akaeleza tena. Dzombo alimsikiliza bila kumkatiza, na alipomaliza alikaa akitazama vidole vyake.

"Nilijua," alisema. "Si yote. Hili la lango la saba sikulijua. Lakini kwamba Mgawaji anasimama mwenyewe, nilijua. Ndiyo sababu nilikuajiri."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeifanya kazi?" Akainua macho. "Mkawasi, wewe hukuwahi kuona Baraza la miji saba. Mimi niliona la mwisho. Nilikuwa kijana, nilikuja na kaka yangu Chengo. Walibishana juu ya lango la tano mpaka mtu akaokota jiwe. Hatukujua hata ni nani. Chengo nilimrudisha nyumbani kwenye gari la kubebea ng'ombe. Tangu siku hiyo nikasema, nikipata nafasi, hawa watu hawatakaa tena uwanja mmoja kugombea maji. Mashine igawe, wao walaumu mashine."

"Lakini mashine haikugawa. Ilikataa."

"Basi tuilazimishe kwa uangalifu zaidi."

Saru akageuka kutoka dirishani. "Hiyo orodha ya malango," alimuuliza Mkawasi, "unaweza kuigeuza? Ianze na sisi?"

Mkawasi aliweza. Orodha haikuwa ndani ya Mgawaji. Ilikuwa pembeni, kwenye mipangilio, na ilihitaji vidole viwili na pumzi moja. Mlughi wangekuwa wa kwanza. Kishau wangekuwa wa mwisho, na mshale wa Kishau ndio ambao usingesogea. Mama yake aliishi Kishau.

"Naweza," alisema. "Halafu Kishau wakose?"

"Mimi sijui nani akose, dada. Mimi namjua mwenye homa."

Dzombo akavuta simu. Aliongea na mtu wa karakana kwa maneno machache, akaikata. "Lori la maji linaondoka sasa hivi kwenda zahanati," akamwambia Saru. "Na kila wiki litakuja lingine. Nakupa neno langu."

Saru alisimama, akavaa koti. "Nitalipokea. Siwezi kulikataa, nina mgonjwa." Mlangoni akasita. "Lakini mkurugenzi, Mlughi si zahanati tu."

Alipoondoka, Dzombo alimgeukia Mkawasi. "Wewe umeona, nimefanya ninaloweza. Mwache Mlezi aendelee mpaka mvua."

Mkawasi alirudi chumba cha seva akasimama mbele ya skrini. Akaondoka. Akarudi. Siku iliyofuata ilikuwa hivyohivyo, na iliyofuata pia. Akila, chakula kilikwama. Simu yake iliendelea kutetemeka mfukoni, kwa maana hakutaka tena kumnyamazisha Mlezi, na kila ilipotetemeka alijua mahali fulani bomba tupu limevuta hewa.

*

Mwisho wa wiki alikwenda Kishau. Mama yake, Mghoi, alikuwa shambani kati ya mipapai, miguu mitupu, jembe begani, akielekeza maji kutoka mfereji mmoja hadi mwingine. Maji yalikuwa yanaimba. Mkawasi alisimama akayatazama hadi mama yake akaona haya kwa niaba yake.

"Kwani maji yana nini? Hujawahi kuyaona?"

Akamweleza yote, tangu pumzi za bomba hadi mkurugenzi na kaka yake. Mghoi alisikiliza huku akiendelea kuziba na kuzibua, na alipoelewa, jembe likatulia.

"Kwa hiyo ukimzima huyo Mlezi wako, maji ya mashamba yanafungwa."

"Mpaka Baraza likae. Ya kunywa yanabaki."

"Na mipapai yangu?"

"Sijui, mama."

Mghoi alitazama safu za mipapai. Alikuwa ameipanda baada ya kuzika mume, mmoja mmoja, akiimwagilia kwa ndoo kabla mfereji haujachimbwa. "Umekuja nikuambie nini? Nikukataze?"

"Sijui."

"Ungetaka kukatazwa ungekwenda kwa mkurugenzi wako. Huyo kazi ya kukataza anaijua." Akalitia jembe kwenye tope, maji yakakatika mferejini. "Mimi ruhusa sikupi, Mkawasi. Na ukizima, nitakuja hapo Barazani kuipigania mipapai yangu, na nitaipigania hasa. Usije ukanitazama kwa jicho la mtoto anayedhani mama yake atamwonea huruma."

"Sawa, mama."

"Haya, ingia ndani ule. Umekonda."

Aliingia, akala, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo chakula kilishuka.

*

Alimzima Mlezi Jumatatu asubuhi, watu wote wakiwa kazini, kwa sababu hakutaka iitwe kazi ya kificho. Hakumfuta. Alimzima, kisha akachukua maneno ya Mgawaji jinsi yalivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza, akayatuma kwenye simu za miji yote saba. Ukumbini taa ya kijani ikazimika. Kwenye ubao yakatokea maneno mengine mawili: MGAWAJI AMESIMAMA.

Simu zililia zote kwa pamoja. Dzombo aliingia, na Mkawasi alikuwa ameshajiandaa kwa makelele, lakini mkurugenzi alinyoosha mkono tu. Mkawasi akavua kadi ya kazi shingoni, akampa.

"Mtu akifa, ni juu yako," Dzombo alisema.

"Najua. Na Mlughi wakifa je?"

Dzombo alikaa kwenye kiti cha Mkawasi, akasoma maneno ya kwenye skrini, midomo ikisogea. Huenda alikuwa hajawahi kuyasoma. Kisha akainuka, akachukua koti lake, maana sheria ilisema mkurugenzi ndiye anayefungua Baraza na hapakuwa na mtu mwingine wa kulifungua.

Walikaa kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, uliokuwa katikati ya bonde. Walikuja kwa malori, kwa pikipiki na kwa miguu, na wengi walikuja na fimbo. Kabla ya kusema neno lolote Dzombo aliomba fimbo zikusanywe na kuwekwa nje ya uzio. Ilichukua muda. Si zote zilitoka. Mchana wa siku ya kwanza mtu wa lango la tatu alipasuliwa kichwa, na uwanja wote ukainuka kwa mngurumo. Mkawasi alimwona Dzombo akitumbukia katikati ya watu, mikono juu, akipiga kelele jina ambalo halikuwa la yeyote aliyekuwepo. Alikuwa akiita Chengo. Waliomjua walielewa, wakaanza kuwavuta wenzao nyuma. Saru alimshona yule mtu kichwa palepale kwenye vumbi, na yule mtu akarudi kukaa mahali pake.

Saru alipopewa nafasi alisema machache. Yule mama wa homa alikuwa amepona. Mtoto hakupona. Lori lilikuwa limefika, akasema, ila lilifika jioni. Akaketi.

Mghoi alisimama baada yake, na hakuna aliyetaka kuwa Mghoi wakati huo. Alisimama hata hivyo. Alimpa Saru pole, kisha akasema mipapai yake ni mia na kidogo, na kwamba anayetaka kuikausha amtazame machoni na amwambie ni mingapi. Watu wakamwambia. Akabishana na kila mmoja wao. Akabishana na watu wa Mlughi, akabishana na jirani zake wa Kishau waliokuwa na mashamba makubwa kuliko lake na walikuwa wamekaa kimya nyuma ya mgongo wake. Mwisho wa siku ya pili alikuwa amepoteza nusu ya mipapai na hao jirani wamepoteza zaidi. Sauti ilikuwa imemkauka. Alipopita karibu na Mkawasi hakusimama.

Maji yaligawanywa kwa mwezi mmoja tu, na Mgawaji akapewa hesabu hiyo aifuate. Hakuna aliyekubali zaidi ya hapo.

Kadi Mkawasi hakurudishiwa. Lakini kabla hajaondoka, Baraza lilimtaka amwandike Mlezi upya mbele ya macho ya watu, na wajumbe wa miji saba wakajaa kwenye chumba cha seva wakitetemeka kwa baridi. Akawaonyesha mstari kwa mstari. Mgawaji akianguka, Mlezi amwamshe. Mgawaji akisimama mwenyewe, akiacha sifuri, Mlezi asimguse, apige king'ora katika miji yote saba mpaka Baraza likae. Mzee mmoja wa lango la nne alimwomba arudie kusoma mstari wa pili. Alirudia.

Mwezi ulipokwisha alikuwa Kishau, akimsaidia mama yake kung'oa visiki vya mipapai iliyokauka. Mghoi alikuwa ameanza tena kuzungumza naye, kwa maneno ya kazi tu: shika hapa, vuta, weka kule. Upepo ulikuwa wa moto, na mbingu haikuwa na hata wingu moja.

King'ora kililia. Kilianzia kwao, kikajibiwa na mji wa pili chini ya mlima, kikaendelea kushuka bonde lote, hadi sauti ya mwisho ikawa kama nzi. Katika mashamba ya jirani watu waliinua vichwa. Hakuna aliyekimbia. Mkawasi aliushika mpini wa sururu kwa mikono miwili asijue kama aushushe.

Mghoi alitema mate vumbini, akatamka neno ambalo Mkawasi hakuwa amewahi kulisikia kinywani mwa mama yake. Akanawa miguu kwenye karai, pole pole, bila kumwaga hata tone. Akavaa viatu.

"Lete fimbo yangu," alisema. "Ya kutembelea. Na uvae kitu cha maana, utakaa karibu nami safari hii. Ile nusu iliyobaki, leo siachi hata mpapai mmoja."